Misumari Miwili ya Mulango wa Beni

Jumamosi, Butembo. Tangu asubuhi ukungu haujatoka kwenye vilima, na rangi haikauki. Lakini si rangi iliyonifanya nikae bila kazi. Leo nimesema jambo ambalo hata muke wangu Masika hakulijua. Acha niandike lilivyokuwa, maana kichwa hakitulii.

Kazi yangu ni faux bois, kuiga mbao kwa rangi. Unanipa mulango wa chuma, naupaka njano ya udongo. Ikikauka naweka kahawia nyepesi juu, na kabla haijashika napitisha kisanuo na kitambaa mpaka mishipa ya mbao itokee. Fundo la muti nalifanya kwa kidole gumba. Mutu akigonga ndipo anajua ni chuma.

Wakati wa vita, komanda mumoja wa Beni aliona milango yangu kwa mufanyabiashara wa hapa. Akatuma jeep. Basoda, askari bake, baliniambia ni kazi ya siku tatu. Masika alikuwa na mimba ya miezi saba, yetu ya kwanza.

Siku tatu zikawa majuma matano.

Nikimaliza mulango mumoja, komanda ananionyesha mwingine. Kitambulisho changu kilikuwa mufukoni mwake. Nililala kwenye depo ya sementi, joto la Beni linanikaba, na kwenye barabara camions, malori makubwa, zilipita zimejaa mbao za kweli, zinaelekea mupaka. Siku moja nilimuuliza kwa nini hataki hizo. Akasema mbao inatobolewa na risasi.

Mulango wa mwisho ulikuwa nyuma ya nyumba, na ulikuwa na kufuli.

Nilipoanza kusugua kutu, sauti ilitoka ndani, karibu kabisa na sikio langu, ikiniuliza ninafanya nini. Nikajibu ninapaka. Alikuwa Kakule, mwalimu wa Luofu. Balimukamata barabarani, bakasema anapelekea maadui habari. Balikuwa batu bane mule ndani. Uso wake sikuuona hata mara moja. Siku mbili tuliongea hivyo, mimi nikiimba wimbo wa kanisa kila musoda alipokaribia. Aliniuliza Masika anaendeleaje. Alinieleza namna ya kumupata muke wake, Mama Kavira, kama nitatoka salama.

Siku ya tatu niling'oa misumari miwili ya bawaba, inayoshika mulango kwenye ukuta, ili nitoe kutu vizuri. Musoda alikuwa amekwenda kula. Kakule aliisikia ikitoka.

"Fundi," akasema, "usiirudishe. Jaza mastic kwenye matundu, paka rangi juu. Wewe ukishaenda, tutausukuma wenyewe."

Ilikuwa inawezekana. Mutu anayeiga mbao hashindwi kuiga kichwa cha musumari. Nilisimama pale na misumari mukononi, nikiangalia kona ya nyumba. Nilifikiria tumbo la Masika. Nilifikiri: bakitoroka, mutu wa kwanza kutafutwa ni mimi, na fasi ninapokaa banapajua.

Nikairudisha.

Nikaigonga kwa nyundo, wa juu na wa chini. Halafu Kakule akasema, pole pole, kama mwalimu anayemujibu mwanafunzi aliyeshindwa: "Sawa, fundi. Luofu usiisahau."

Kesho yake komanda aliupapasa mulango, akacheka kwa furaha, akanirudishia kitambulisho. Nilifika nyumbani kabla Masika hajazaa. Baadaye tulisikia kwamba bafungwa bale balipandishwa kwenye camion. Hakuna aliyebaona tena.

Barabara ilipofunguka kidogo nilikwenda Luofu. Nilimukuta Mama Kavira kwenye shamba la viazi, nikamupa salamu zote za bwana yake. Misumari sikuitaja. Alinishika mikono yote miwili, akaniombea baraka. Tangu pale, kila mavuno, anakuja kwetu na gunia ndogo ya viazi, anakaa, ananiomba nimusimulie tena. Batoto bangu balikula viazi vile mpaka bakawa batu bazima. Mimi pia nilikula. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka nilimusindikiza mpaka kwenye gari bila kusema.

Leo alikuja. Mugongo umeanza kupinda. Akaniuliza tena bwana yake alisema nini, na mara hii hadithi sikuisimamisha pale ninapoisimamishaga. Nikamwambia yote. Masika alibaki amesimama na sufuria mukononi.

Mama Kavira hakulia. Aliniuliza: "Wakati wa kujaza mastic ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao, Mama."

Akaweka kikombe chake cha chai chini. Halafu akasema: "Wewe ni mutu wa mwisho aliyemusikia. Mimi sina mwingine wa kumuendea."

Hakusema amenisamehe. Hakusema hapana. Alifunga kitambaa chake, akaomba Masika amusindikize. Si mimi.

Nilibaki kwenye kiti. Miaka yote hii nilidhani nikisema nitapumua. Sasa yeye anarudi Luofu na neno hilo, hana fasi ya kulitua, na mimi ndiye niliyemubebesha.

Nilimwambia kwa ajili yake, ao kwa ajili yangu?