Ukurasa wa Saini

3 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Si kiburi, wakili wa kampuni alinikataza kuwaandikia wakurugenzi, nawe ni mmoja wao. Macho yanaendeleaje baada ya upasuaji? Watoto ni wazima. Mimi silali.

Bila shaka umesikia kwamba hisa zetu zimeanguka. Waraka tuliotumia kuwauzia watu hisa ulisema kiwanda cha pili cha matangi ya maji kinafanya kazi. Hakifanyi. Mkurugenzi mkuu, yule tunayemwita Bwana Kesho, amejiuzulu, na sasa anadai kila mkurugenzi aliusoma waraka kabla ya kutia saini.

Wachunguzi wa soko la hisa watakuita. Watakuuliza kama uliusoma. Nakuomba ujibu kwamba uliusoma.

Mwanao.


11 Machi

Mwanangu, marahaba.

Macho yanaona, afadhali yangeona mapema. Sikuusoma, nawe unajua. Ulinikuta hospitalini, jicho limefungwa, ukaniletea ukurasa wa saini peke yake, waraka wenyewe haujakamilika. Ukasema, "Ndivyo tunavyofanya ofisini, Baba Mkubwa, kurasa huunganishwa baadaye." Nikatia saini kwa sababu wewe ni katibu wa kampuni, na kwa sababu nimekulea. Miaka thelathini ya ualimu sikutia saini ripoti ya mtoto bila kuisoma.

Jana nilikwenda kukiona hicho kiwanda. Kuna ua, msingi na lundo la mchanga. Mlinzi akaniuliza, "Mzee, umekuja kununua mchanga? Chukua tu. Mimi mwenyewe tangu Januari sijaona mshahara."

Kisha nikapita kwa mshona viatu wetu. Akiba yake yote aliitia katika hisa zile. Nikamuuliza kama aliusoma waraka. Akacheka. "Mwalimu, nilitafuta jina lako tu. Wewe ukisema mvua inanyesha, mimi huchukua mwavuli bila kuchungulia dirishani."

Siku uliyoniletea ukurasa, ulijua kwamba kuna mchanga tu? Nijibu kwa neno moja.

Baba Mkubwa.


2 Aprili

Baba Mkubwa, shikamoo. Natumai u mzima.

Nimechana barua tano. Nilijua.

Nilimwambia Bwana Kesho kwamba kuandika hivyo ni uongo. Akanijibu, "Dada, mashine zitafika kabla mtu hajauliza. Mbona unaanza kulia msiba na hakuna aliyekufa?" Nikachukua ukurasa wa saini, nikaja kwako hospitalini.

Wakili anasema kampuni itatozwa faini, lakini sheria itatufuata pia sisi, mmoja mmoja. Ukisema uliusoma, utaonekana mzee aliyedanganywa pamoja na wengine. Ukisema ulitia saini ukurasa mmoja bila waraka, wachunguzi watauliza nani aliuleta, na aliyeuleta alijua nini. Naweza kufungwa. Watoto wangu hawana mzazi mwingine.

Nakupigia magoti.

Mwanao.


9 Aprili

Mwanangu, marahaba. Mimi mzima.

Nilimuuliza wakili wangu kama kutojua kutaniokoa. Akasema, "Mwalimu, sheria haiishii kuuliza ulijua nini. Itauliza ulifanya nini ili ujue." Sikufanya lolote. Basi kosa langu ni langu, na nyumba hii ikibidi itauzwa. Sitakubebesha wewe.

Lakini sitasema niliusoma. Mshona viatu alitapeliwa mara moja kwa jina langu. Sitamtapeli mara ya pili kwa mdomo wangu. Wataniuliza nani alileta ukurasa, nami nitakutaja. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi nimekwisha kulia.

Wachunguzi wameniita Jumatatu saa nne asubuhi. Ofisi yao hufunguliwa saa mbili. Wakili anasema anayejipeleka mwenyewe husikilizwa kwa sikio jingine, ingawa hakuna ahadi. Nitakuwa kwenye benchi la nje tangu saa mbili, na nitakuachia nafasi pembeni yangu. Ukitangulia kuingia, utakuwa umejitaja mwenyewe, na mimi sitakuwa na kazi ila kuthibitisha.

Watoto walete kwangu Jumapili. Nyumba bado ipo.

Wakishaamua, nitakuandikia, uwe ulikuja au hukuja.

Baba Mkubwa.