Grupu Langu na Jukwaa la Zuhura

Jumatatu, 11 Agosti

Jumbe mia moja na arobaini kwenye grupu. Nimezisoma zote kabla ya chai. Nyingi ni salamu na majibu ya salamu. Dua tatu. Mtu wa Ngarambe anauza pikipiki. Katikati ya hayo yote, Shamte wa Kiongoroni kaandika kwamba Kupwa imekosea: ilisema jana maji yatajaa saa kumi na moja jioni, yeye kwenye mti wake wa kupimia kaona yamejaa kumi na moja na nusu. Nimerekebisha nikiwa dukani, huku natoa fotokopi za vyeti vya watu.

Kupwa ni programu ya simu, niliiandika mwenyewe. Miaka minne sasa. Inamwambia mwenye boti maji yatajaa na kupwa saa ngapi kila kijiji cha delta, asije akakwama kwenye tope na abiria. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi: anayejua kuuandika anaruhusiwa kuuchukua na kuutengeneza. Grupu la watu wa Kupwa nililifungua mimi. Admini ni mimi peke yangu. Sentensi hiyo napenda kuiandika.

Jumatano, 13 Agosti

Zuhura. Binti wa Chumbi, kasomea kompyuta Dar, amerudi kwao mwaka huu. Yumo kwenye grupu tangu mwezi wa nne. Leo kapendekeza matatizo ya Kupwa yahamie kwenye jukwaa la mtandaoni, kila tatizo na ukurasa wake, yeyote duniani aweze kusoma. Salamu na habari nyingine zibaki kwenye grupu. Anasema lile kosa la Kiongoroni Shamte alishalitaja mara tatu kabla sijaliona. Kaweka na tarehe. Kila mara lilifunikwa na salamu.

Ni kweli. Nimehakikisha. Kaandika kwa adabu, "kaka Athumani" mwanzo na mwisho, na hiyo adabu ndiyo iliyoniudhi zaidi. Nikamjibu kwamba tutalifikiria. Watu wakaanza kumsifu. Mmoja kaandika mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji ni mimi, na sikuwa naumwa.

Ijumaa, 15 Agosti

Kalifungua jukwaa. Kwa majaribio, anasema. Hakuniuliza. Au aliniuliza juzi, nikanyamaza, akahesabu kimya ni ruhusa.

Kuna kitu kakifanya ambacho miaka minne sikukiwaza. Jukwaa linapokea meseji ya kawaida. Mtu wa Kiongoroni asiye na bando anatuma kwa kitochi chake, maneno yanatokea jukwaani, wote wanasoma. Nimekitazama kitu hicho muda mrefu. Kizuri. Namwonea wivu. Nimeandika, basi, hakuna mwingine wa kusoma hapa.

Mwajuma kaniona nimenuna na wali unapoa. Nikamweleza. Mke wangu kacheka mpaka kafuta machozi kwa kanga. Kasema leo nimeletewa mke mwenza, na nisubiri, bado zamu za kulala hazijaanza.

Jumapili, 17 Agosti

Kijana wa Lamu, hakuna anayemjua, kaliona jukwaa akitafuta mambo yake. Kasoma kosa la siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kiasi, ambalo limenishinda tangu Ramadhani. Kalirekebisha jana. Mistari sita ya msimbo. Kisha kamshukuru Zuhura kwa kumkaribisha.

Kamshukuru Zuhura.

Shamte naye siku hizi vipimo vyake anavituma jukwaani. Zamani ilikuwa kwangu, kila alhamdulillahi ya asubuhi ilikuja na saa za maji. Sasa simu yangu inalia kwa ajili ya pikipiki ya Ngarambe tu. Zuhura kanitumia mwaliko wa kujiunga mara mbili. Sijaubonyeza na sitaubonyeza.

Jumatano, 20 Agosti

Nimelifunga grupu. Anayeweza kuandika ni admini tu, na admini anajulikana. Si alisema salamu zinafunika kazi? Basi nimezizima zote. Nikaandika sababu ya uongo: kwamba tunajiandaa kupiga kura ya wapi tuzungumzie kazi, na tuwe na utulivu. Kila mtu anitumie jibu lake mimi, kwa siri.

Nikaiweka simu mfukoni. Kisha nikajisikia vizuri. Nikajinunulia chipsi mayai stendi.

Alhamisi, 21 Agosti

Grupu kimya. Nimelifungua mara nyingi kuhakikisha liko kimya.

Jumamosi, 23 Agosti

Majibu tisa. Saba wanataka jukwaa la Zuhura. Mmoja hajaelewa swali. Mmoja ni shemeji yangu.

Sitatangaza. Nitasema waliojibu ni wachache.

Jumapili, 24 Agosti

Mwajuma karudi sokoni, kaweka kapu chini. Halafu akauliza kwa nini sikwenda msibani. Msiba gani? Bi Tatu, mama yake Shamte, kafariki Ijumaa, kazikwa jana. Muuza kaa kamwambia kwamba watu wa Kupwa walijaa boti mbili kutoka Nyamisati. Kutoka Kibiti, kutoka Ikwiriri, hata yule wa Ngarambe. Zuhura alikuwepo tangu maiti haijaoshwa. Watu wameuliza nilipo mimi.

Kwetu misiba hutangazwa kwenye grupu. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote minne. Mtu anaandika mara moja, watu wanafunga safari. Bi Tatu alinipikia mimi samaki wa nazi siku nilipokwenda kuuchimbia ule mti wa kupimia.

Sikumpigia Shamte. Ningemwambia nini?

Jumanne, 26 Agosti

Nimekwenda Kiongoroni. Bodaboda mpaka Nyamisati, halafu boti. Sukari kilo tano, mchele wa Chumbi kilo kumi. Nahodha katazama saa ya kuondoka kwenye Kupwa, haijui sura yangu. Njia nzima hatukugusa tope.

Shamte alikuwa barazani na wazee wawili. Kanipa mkono, kapokea mizigo, kanikaribisha uji. Upole ule wa mtu anayepokea mgeni. Nikasoma fatiha. Wazee walipokwenda kusali nikabaki naye, nikamwuliza kwa nini hakunipigia.

Kanieleza pole pole. Mama alipokata roho alikwenda kule ufukweni kunakoshika mtandao. Kafungua grupu kutangaza. Pa kuandikia hapapo. Akazima simu, akaiwasha. Hapapo. Hakujua habari ya kura, bando lake lilikuwa limeisha tangu Jumanne na siku hiyo aliazima, hakuwa na moyo wa kusoma ya nyuma. Alikumbuka tu kwamba wiki ile alikuwa amemsifu Zuhura.

"Nikasema, basi, Athumani kanitoa," alisema. "Na mtu akikutoa, humwiti kwenye maiti."

Ndipo akatuma meseji jukwaani.

Ningeweza kumwambia ni hitilafu ya simu. Neno lilikuwa mdomoni. Nikamwambia, "Sikukufungia wewe. Nilimfungia Zuhura."

Akanimiminia uji. Hakukasirika, na mimi nilitaka akasirike.

"Mwenye maiti nilikuwa mimi," alisema.

Tukanywa uji. Boti ya kurudi ilikuwa saa kumi.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimelifungua grupu. Nimetangaza kura: saba kwa moja. Nimeandika pia kwa nini nililifunga, bila kuficha. Nikaomba radhi kwa Shamte mbele ya wote. Mtu kaandika assalamu alaikum, salamu zikaanza tena.

Mchana duka lilipotulia nikaubonyeza ule mwaliko. Jukwaa likaniambia ombi langu limepokelewa, nisubiri msimamizi aniidhinishe. Msimamizi ni Zuhura. Nikakaa nasubiri, mimi niliyeiandika Kupwa. Dakika mbili tu kaniidhinisha. Karibu, kaka Athumani. Mimi ningemkawiza siku mbili, na nadhani anajua.

Nimekwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa msiba. Pole thelathini na nane, wengine siwajui, hata yule kijana wa Lamu yumo. Nikaandika yangu. Imekaa chini kabisa, baada ya zote, na tarehe yake.