Nusu Saa ya Mikono

Jumamosi, Nyarero

Na bado nilipanga viti kwa duara, mjinga mimi, ili kila mtu aone mikono ya wenzake. Tumekuwa watu wawili!

Tulipoanzisha chama chetu cha walimu wa elimu maalumu, Tarime na Serengeti, darasa tunalokutania lilikuwa linajaa. Kanuni ilikuwa nusu saa ya kwanza hakuna kutoa sauti, ni lugha ya alama tu, tuonje wanavyoishi watoto wetu viziwi. Kisha wengine wakahamishwa, wengine wakastaafu, wengine wakachoka tu. Leo wananipigia simu: "Mwalimu, niko njiani." Njia gani hiyo isiyofika!

Amekuja Ghati peke yake, mwalimu mwenzangu kutoka shule ya Kisaka. Nikasema moyoni, afadhali, huyu yupo. Tukaanza kwa mikono kama kawaida.

Akanieleza kitengo chake cha watoto viziwi kimefungwa. Yeye amepewa hesabu, darasa la kawaida. Watoto wamerudi nyumbani kuchunga ng'ombe.

Nikamuuliza, kwa mikono, nani atazungumza nao huko. Akaitazama mikono yake, akaificha ndani ya kanga.

Nusu saa ikaisha, ruhusa ya kusema tukawa nayo. Hakuna aliyefungua mdomo.