Tezi ya Ndama kwa Daktari Severina

Kihesa, Iringa
12 Agosti 1976

Baba yangu Mzee Limbu,

Shikamoo. Shikamoo nyingine mpe Mama, na inayobaki wagawie wakubwa wote hapo Ubaruku. Mgongo wako unaendeleaje? Mpunga umeshaingia ghalani? Mimi mwanao Malimi ni mzima, nimenenepa, na baridi ya Iringa hainiwezi.

Baba, wewe ulidhani naendesha Landrova tu. Naendesha sayansi! Daktari Severina, yule niliyekwambia si daktari wa sindano bali wa kusoma, amerudi kutoka Ulaya na anachunguza mambo ambayo hapa Iringa tunayajua watu wawili, yeye na mimi. Anasema ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi wa urithi. Ukiunyoosha unanipita urefu, lakini umezungushwa kwenye vijishanga na kukunjwakunjwa mpaka ukaenea mahali jicho halioni. Uzi wa kwenye kwato ndio uleule wa kwenye jicho. Tofauti ni wapi umefunguliwa na wapi umefungwa. Nikamuuliza nani anayeufungua. Akasema hilo ndilo analolitafuta. Nilichoka, Baba. Kusoma kote kule, na hajui! Mimi kutojua nimekupata kwa darasa la nne tu.

Uzi huo huutoa kwenye tezi ya ndama, ile nyama laini ya shingoni ambayo ng'ombe akizeeka hunywea. Kila mwezi mradi hununua ndama mmoja. Namchagua mimi mnadani, namfikisha kwa Isihaka wa machinjioni, natia tezi kwenye barafu na kukimbia nayo. Nyama inayobaki Daktari alinipa mimi. Aliponiuliza kama tezi naijua nilicheka, nikamwambia Msukuma ndani ya ng'ombe anakujua kama mfuko wa koti lake.

Sasa sikiliza. Uzi ukikatwa kwa dawa yake hutakiwa kutoa mistari iliyopangana kama ngazi. Wa kwetu ukatoa ukungu. Miezi minne, ukungu mtupu. Alilaumu maji, akalaumu umeme, akalaumu mikono yake mwenyewe. Wiki iliyopita akaja anacheka, akasema Malimi we, huenda ng'ombe wetu ndio wamepangwa tofauti na wa Ulaya, na hakuna aliyewahi kuona! Akaandika kurasa ishirini za kuwapelekea maprofesa wake, na jina langu akalitia mwishoni, la shukrani. Kisha akanieleza kwa nini hutumia tezi: ni safi, si kama kongosho, ambalo limejaa maji ya kukata. Ukitumia kongosho, uzi unakuwa unga.

Baba, chupa niliyokuwa naiosha iliniponyoka.

Maana wale ndama wanne waliokuja kwako juu ya lori la mpunga, uliowaitia majirani waone utajiri wa Malimi, ndio hao. Sikuwachinja. Wa kwanza alininyonya kidole pale mlangoni pa machinjio, nikamgeuza. Wa pili nikasema mwenzake atakuwa mpweke. Badala ya tezi, Isihaka akawa ananikatia kongosho la maksai mzee, nalo ni laini, jeupejeupe. Si Daktari alisema mwenyewe uzi ni uleule kila mahali?

Jana asubuhi, kabla bahasha haijaenda posta, nilimwambia. Nilitaka anitukane, angalau nijue pa kusimama. Hakunitukana. Alichana kurasa zote ishirini, moja moja, kisha akaniuliza kama ndama wana afya. Mpaka sasa sijui ile ilikuwa hasira au huruma.

Jumamosi tunakuja wote wawili. Anamhitaji mmoja. Nakuomba usinisifu mbele yake, na usiniambie nichague, maana nimejaribu mara nne mkono ukakataa. Chagua wewe, Baba, na umtenge kabla hatujafika.

Msalimie Seni, na Kashindye mwambie kanga yake ninayo. Karatasi bado ipo, maneno ndiyo yameisha.

Ni mimi mwanao,
Malimi Limbu