Kanga Uliyofungia Picha Zangu

Mke wangu Mwanaidi,

Pokea salamu za baridi. Johannesburg ya Julai hata rangi zinagoma kutoka kwenye chupa. Jana tulikuwa na maonyesho hapa mtaa wa Berea, wachoraji na wanamuziki pamoja. Sweta sina, nikajitanda ile kanga uliyofungia picha zangu, ambayo sikuwahi kuisoma.

Watu wakanifuata nyuma kila niendako. Nikasema moyoni, leo tembo niliowachora wamepata wapenzi. Kumbe wanasoma mgongo! Mama mmoja Mkongo, fundi cherehani, akapaza sauti: "Wenzangu wanakufaidi, mie nakuota." Kisha akanishika mkono: "Papa, mke analia hivi, weye unachora tembo tu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mpiga gitaa, Mkongo mwenzake, wala hakunihurumia. Aliyatia maneno yako kwenye wimbo papo hapo, akalitaja na jina langu kama wanavyotajwa matajiri katika nyimbo za kwao. Ukumbi mzima ukaitikia "mie nakuota", hata Wazulu wasiojua maana. Leo asubuhi muuza nyanya kaniita Papa Nakuota.

Tembo hakuna aliyewaulizia. Nimevuka nchi nzima nzima kutafuta fikra mpya kwa wasanii, na msanii nimemwacha nyumbani.

Jibu lako nimeshalichora kwenye kitambaa. Nitajitanda nikishuka basi, uje stendi ulisome mbele za watu: "Acha kuota, nimerudi."

Mumeo,
Papa Nakuota