Baba Yake Chacha Hakuzaliwa

Bhoke, mke wa nyumba yangu,

Mkono huu ni wa Rhobi, binti yangu mkubwa. Mimi kalamu hainijui. Nimemwambia aandike ninavyosema, asirembe.

Kaburi lako limeota nyasi. Ndama wa yule ng'ombe mwekundu, uliyekuwa ukimtukana kila asubuhi, analala juu yake. Namfukuza, anarudi.

Nimechanganyikiwa, Bhoke. Mwanao Chacha bado yuko kwenye ile nchi ya baridi, jina lake linanishinda mdomoni. Anakata samaki kiwandani. Mwenye duka hapa Kisaka alituonyesha kwenye televisheni: mkubwa wao na mkubwa wetu wameshikana mikono, bendera mbili nyuma yao. Akasema nchi zetu sasa ni ndugu, vijana watafanya kazi huko bila kusumbuliwa. Nikapiga vigelegele peke yangu pale dukani. Mjinga mimi.

Kumbe hao ndugu wanataka kwanza wamjue baba wa kila kijana. Nikaitwa Tarime, ofisini. Binti mmoja mpole, kucha ndefu, akaniuliza, "Bibi, baba yake Chacha yuko wapi?" Nikamjibu ukweli: "Hakuzaliwa." Akaacha kuandika. Nikamweleza: Mungu alinipa mabinti watupu, nikatoa ng'ombe wangu mwenyewe nikakuoa wewe, uwe mke wa mwana ambaye sikumzaa, uniletee wa kurithi boma. Kwetu nani hajui hilo? Binti akanitazama kama nimelewa. Akasema ng'ambo hawataelewa, nimtaje tu mwanaume aliyempa Chacha damu. Akikubali kusaini, mambo yamekwisha.

Yaani nimtaje yule bwana wa kijiji cha Genkuru! Unamjua alivyo. Alikuja kwa miguu yake, akaondoka kwa miguu yake, ndivyo tulivyopatana. Leo nimpe mtoto? Kesho si atakuja kudai ng'ombe wa mahari ya mabinti wa Chacha? Na wewe uliyelala hapa uani, utakuwa umelala kwa nani?

Lakini nikikataa, Chacha anafukuzwa kule. Ugali ulinikataa. Nikaja kukaa hapo kaburini, nikakuuliza. Ukanyamaza, kama ulivyokuwa ukininyamazia ukiwa na hasira. Sijui kama ni hasira. Sijui, Bhoke.

Mwisho nikampigia simu Chacha mwenyewe, nikamweleza yote. Akacheka, kicheko chako kile cha puani, akasema, "Bibi, wakinifukuza nitarudi nichunge. Mimi si wa Genkuru."

Nililia. Sijui kama ni furaha, au nimemharibia mtoto maisha. Na hizi nchi mbili, zimekuwaje ndugu kama hazijawahi hata kuulizana watu wake wanaoana vipi?

Keshokutwa narudi Tarime na wazee wa ukoo, wale waliokula nyama siku niliyokuoa. Waseme wao. Wakiaminiwa, vizuri. Wasipoaminiwa, mwanao atalala kwenye nyumba uliyoikandika kwa mikono yako, nami nitamsongea ugali wa wimbi mpaka mashavu yarudi. Nakuahidi: jina la yule bwana halitatoka kinywani mwangu ofisini, hata wanifungie mlango.

Lala, mke wangu. Huyo ndama nimemwacha. Nawe usimtukane, anakupa joto.

Mimi wako, mwenye nyumba.