Karanga za Luberizi, maharagi ya Nyalukemba

Mujukuu wangu Neema,

Nakusalimia sana kutoka hapa Nyalukemba, Bukavu. Wote tuko wazima, na tonton yako Bahati, kijana wangu wa mwisho, amepata mutoto wa pili, musichana mwenye sauti kubwa. Umeniuliza upande nini katika jardin yako ya kwanza, baridi ya Montréal ikiisha.

Miaka ile ya hamsini, wakati wa Wabelgiji, niliolewa hapa Bukavu nikitokea Luberizi, kule chini kwenye joto. Nilikuja na mbegu za karanga za maman. Nikazipanda nyuma ya nyumba, mvua ya baridi ikanyesha, zikaoza zote. Nililia sana, nikamutumia papa habari aje kunichukua.

Mama mukwe hakunicheka. Aliniwekea udongo mukononi.

"Sikia, iko baridi. Huku tunapanda maharagi."

Tukapanda pamoja. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, nilikuwa natoka kuyaangalia.

Papa alichelewa kwa mavuno yake; alipofika, maharagi yalikuwa yameanza kukomaa.

"Funga mizigo, twende."

"Papa, ungoje kwanza nivune."

Akamuangalia mama mukwe, wote wawili wakaangua kicheko. Tulipovuna, papa alirudi Luberizi peke yake, na mufuko wa maharagi begani.

Basi, usipande kwa kunifuata mimi, mwanangu. Hapo karibu hakosekani mama mwenye jardin. Mupigie hodi, umuulize. Na akikukaribisha chai, usikatae.

Ni mimi koko yako, ninayekupenda.